Nini hasa kinaharibu mishipa ya mgonjwa wa kemo: dawa, kanula au mkono wa anayechoma?

#1 Binti Pongwe
Habarini wakuu.
Mama yangu alikatwa titi la kushoto kwa saratani, sasa yuko kwenye kemo (dawa za saratani za kuchoma mshipani) ile ya dawa nyekundu, kila baada ya siku 21. Mkono wa kushoto tumekatazwa usichomwe wala usifungwe presha kwa sababu matezi ya kwapani yaliondolewa, kwa hiyo kila kitu kinaangukia mkono wa kulia. Mshipa wa nyuma ya kiganja umekuwa mgumu kama waya wa baiskeli, ukipapasa unaufuata mpaka karibu na kiwiko, na ngozi juu yake imekuwa nyeusi. Manesi wanatafuta mshipa mpaka mama analia kabla dawa haijafunguliwa.

Nimeuliza nimepewa majibu matatu. Mmoja: ni dawa, hakuna cha kufanya. Wa pili: kanula, kile kirija cha plastiki kinachoachwa mshipani, ilikaa sana. Wa tatu: mama hanywi maji. Naomba waliouguza na wataalamu mnisaidie. Kinachoharibu ni nini, na huu mkono uliobaki tunaulindaje? Mizunguko bado ipo, na baadaye kuna dawa nyingine ya kila wiki.

#2 Mzee wa Duga
Pole sana binti. Nimemuuguza mke wangu kwa ugonjwa huohuo. Mimi nasema ni haraka. Foleni imejaa viti vyote, wengine wamekaa kwenye ngazi, na manesi ni wawili. Dawa ya kuingia polepole inasukumwa ili kiti kipate mtu mwingine. Siku aliyochomwa kwa utulivu, dripu ikitiririka pembeni, mkono haukuuma. Siku ya haraka uliuma usiku kucha.

#3 Shamba Letu
Madafu! Mama anywe madafu siku mbili kabla, mishipa itajitokeza yenyewe. Usiku akatiwe kiazi mviringo vipande vyembamba, aviweke juu ya mshipa. Kwetu ilisaidia.

#4 Sista wa Zamu
Nipo wodi ya saratani, nitasema ninayoyaona kila siku.

Mzee #2 ana hoja, ila haraka siyo yote. Hiyo dawa nyekundu, doksorubisini, iko kwenye kundi la dawa zinazounguza nyama zikitoka nje ya mshipa. Vinkristini, vinblastini na epirubisini ni wenzake. Ndiyo maana mahali pa kuchoma ni nusu ya kazi. Nyuma ya kiganja mshipa ni mwembamba, na chini yake kuna kano na neva. Dawa ikivuja pale mtu anaweza kushindwa kukunja vidole. Kwenye mkunjo wa kiwiko nako ni pabaya, maana mkono ukikunjwa kanula inacheza, na uvimbe wa pale unajificha, unakuja kuonekana madhara yameshatokea. Mahali pazuri ni mkono wa chini, kati ya kifundo na kiwiko, palipo bapa.

Binti, mzunguko ujao simama pembeni uangalie. Kanula iwe ya siku hiyohiyo, siyo ya jana. Ikikosewa, ya pili ichomwe juu ya pale ilipokosewa, isiwe chini yake, kwa sababu dawa itapanda na mshipa na kutokea kwenye tundu la kwanza. Kabla ya dawa nesi avute aone damu inarudi, apitishe maji ya chumvi, ndipo dawa iingie taratibu huku dripu inatembea, na akatishe mara kwa mara kuvuta damu tena. Pale sindano inapoingia paonekane. Nimeshapokea mgonjwa kanula imezungushiwa plasta nyeupe mpaka vidoleni, kufungua, mkono chini umevimba na umekuwa baridi, na hakuna aliyejua tangu saa ngapi.

Na mama aambiwe kabisa: akisikia moto, kuchoma au kubana, aseme palepale. Mama zetu wananyamaza kwa kudhani kemo lazima iume. Haitakiwi kuunguza ikiwa ndani ya mshipa.

#5 Binti Pongwe
Asante sana sista. Mama ndiye huyohuyo wa kunyamaza, ataniambia tukiwa tumeshashuka kwenye gari. Na huu weusi je? Ni dawa ilivuja?

#6 Mfamasia Kimya
Dada, weusi peke yake siyo ushahidi wa kuvuja. Baadhi ya dawa za saratani zinabadili rangi ya ngozi juu ya mshipa zilimopita. Fluorourasili inajulikana sana kwa hilo, doksorubisini na dositakseli pia, na kwenye ngozi nyeusi inaonekana zaidi. Unaona mstari mweusi unafuata mshipa. Hauumi, na kwa wengi unafifia taratibu miezi ikipita baada ya dawa kuisha.

Ugumu unaoufuata kwa kidole ni jambo jingine. Huo ni mshipa uliovimba kwa ndani, pengine damu imeganda humo. Mama anaweza kuwa na vyote viwili.

Kuna na kitu cha tatu kinachotisha bure. Dawa nyekundu ikiwa inaingia, mkono unaweza kutoa michirizi myekundu na vipele vya kuwasha kando ya mshipa, bila maumivu na bila kuvimba, damu bado inarudi vizuri. Unatulia wenyewe ndani ya saa moja hivi. Hata hivyo asimamishe kwanza, aangaliwe, ndipo waendelee. Mgonjwa hawezi kutofautisha mwenyewe.

#7 Kijana wa Ilemela
Naona mnazunguka. Shida ni kanula kubwa. Wanaweka ya pinki kwa kila mtu ili dripu iende haraka. Wakiweka ya bluu au ya njano mshipa unapona.

Halafu ile kanuni ya kubadilisha kanula kila baada ya siku tatu mbona ilishapitwa? Australia walifanya utafiti, ukachapishwa kwenye jarida la kitabibu la Lancet 2012, wagonjwa 3,283. Waliobadilishiwa kanula kwa ratiba na waliobadilishiwa pale tu ilipoleta shida, wote walipata uvimbe wa mshipa kwa kiwango kilekile, asilimia 7. Kwa hiyo jibu la pili alilopewa dada halina msingi.

#8 Sista wa Zamu
Kijana wa Ilemela, kwenye ukubwa tuko pamoja. Kanula ndogo inayotosha, kwenye mshipa mkubwa kuliko yote iliyopo, ili damu ipite pembeni yake na kuichanganya dawa. Bluu inatosha kwa kemo nyingi.

Kwenye muda, utafiti huo ninaujua, na ndiyo maana miongozo mingi sasa inasema ondoa kukiwa na sababu. Ila masharti yake mbona umeyaacha? Kuondoa kukiwa na sababu maana yake kuna mtu anakuja kuangalia kila zamu, anabonyeza, anauliza. Ukiona dalili mbili kati ya maumivu, wekundu na uvimbe, kanula inatoka, bila kusubiri usaha. Wodi yenye nesi mmoja usiku, nani anaangalia? Mimi naona ratiba inamlinda mgonjwa wa sehemu ambako macho hayatoshi. Na dawa ya kuunguza usiipitishe kwenye kanula iliyolala, hata kama inaonekana safi.

#9 Kijana wa Ilemela
Lakini ukitoa na kuchoma upya kila mara unamaliza mishipa ileile unayoilinda. Mama huyu ana mkono mmoja. Hilo nalo mlipigie hesabu.

#10 Mzee wa Duga
Wote mna haki, ila mnaongea ya wodini tu. Wengi wetu dawa ni ya siku mbili au tatu mfululizo, jioni unarudi gesti na kanula mkononi. Mke wangu alipanda daladala la Mbagala akashika bomba la juu kwa mkono uleule wenye kanula, gari likafunga breki, akaning'inia. Kufika chumbani plasta imejaa damu. Tangu pale nilikuwa namkalisha dirishani, mkono wenye kanula upande wa ukuta, mimi nakaa nje.

Kuoga nako ni kazi. Nilikuwa nafunga kwa mfuko wa mkate na mpira wa kiuno wa sketi, juu na chini, kisha anaoga mkono ukiwa juu. Na usiku mwambie alale upande mwingine.

#11 Mama Wawili Kange
Mzee, mfuko wa mkate 😂 tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 sisi kwetu mfuko wa mkate ni mali. Shemeji yangu alikuwa anaogeshwa na dada yake kwa kitambaa, mkono hauguswi kabisa. Plasta ikilowa wanakwenda kubadilishiwa siku hiyohiyo, hawangoji kesho.

#12 Sista wa Zamu
Sahihi, plasta iliyolowa au iliyoachia ibadilishwe siku hiyohiyo. Na anayebadilisha anawe mikono, apake spiriti au klorheksidini, aache ikauke yenyewe. Wengi wanapuliza kwa mdomo ili ikauke upesi, na hapo wameshapachafua. Pale pa kuchomekea bomba pia pasuguliwe kwa spiriti kila linapounganishwa.

#13 Ukucha wa Piko
Jamani naomba kuuliza la wanawake. Dada yangu yuko kwenye kemo na mwezi ujao tuna harusi ya mdogo wetu, anataka apakwe hina na piko mikononi awe na furaha kidogo. Kuna shida?

#14 Sista wa Zamu
Mwacheni afurahi, ila apakwe miguuni, na mikono aiache. Piko inafunika wekundu, na wekundu ndio tunaoutafuta. Nimemkuta mama maua yamepita juu ya mshipa kuanzia vidoleni hadi kiwikoni, anasema panauma na mimi sioni chochote, nabaki kupapasa joto tu. Halafu ile piko nyeusi iliyochanganywa na rangi ya nywele inaweza kuibabua ngozi, na ngozi ya mgonjwa wa kemo hupona polepole. Miguuni pia hina ya majani tu, isiyochanganywa.

#15 Ukucha wa Piko
Nimekuelewa sista, asante. Miguuni basi, na atakaa mbele watu waione.

#16 Shamba Letu
Kiazi changu mmekiruka.

#17 Mfamasia Kimya
Mkuu hatujakiruka 😀 Kiazi kwenye ngozi nzima, mshipa umekakamaa tu, sina ugomvi nacho, kinapooza. Mimi nasema kitambaa cha maji ya uvuguvugu kinafanya kazi hiyo. Ninachokataa ni kuweka kiazi, asali, kitunguu au mafuta ya upako pale kanula inapoingia au penye kidonda. Pale ngozi imetobolewa, na huyu mtu seli nyeupe za damu, zinazopigana na wadudu, zimeshuka.

Na kama dawa imevuja kweli msikimbilie kukanda. Dawa nyekundu inawekewa baridi, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Vinkristini ni kinyume chake, inawekewa joto. Ukikosea unaongeza madhara. Hospitalini kitu cha kwanza ni kusimamisha dawa, kuacha kanula palepale, kuvuta kwa bomba la sindano kile kinachovutika, ndipo itolewe. Pazungushiwe kalamu mpaka wa wekundu, mkono uinuliwe. Kwa dawa nyekundu ipo dawa ya kuikata makali, deksrazoksani, ila inatakiwa ianze ndani ya saa 6, na bei yake ni kubwa mno.

#18 Mkaazi wa Wandegeya
Niko Kampala, mtoto wa kaka yangu alitibiwa Uganda Cancer Institute pale Mulago kwa uvimbe wa taya, ule alioueleza daktari Denis Burkitt akiwa Mulago 1958. Dawa yake mojawapo ilikuwa vinkristini. Mtoto hajui kusema panauma, analia tu tangu anaona koti jeupe. Wenzetu pale walikuwa na mama mmoja anamshika mtoto mkono, macho yake yako kwenye kanula tu, hana kazi nyingine mpaka dawa iishe. Ngozi ikivimba hata kidogo anasema. Nadhani macho ya mtu wa nyumbani yanasaidia kuliko rangi ya kanula mnayobishania.

#19 Mama Wawili Kange
Vinkristini si ndiyo ile inatoka kwenye yale maua ya pinki yaliyojaa nje ya nyumba zetu huku pwani? Jirani yangu alikuwa anayachemsha anakunywa.

#20 Mfamasia Kimya
Ndiyo, mmea huo, asili yake Madagaska. Lakini mwambie jirani aache. Kiwandani wanatoa kiasi kidogo sana kwenye majani mengi na kukipima kwa makini, sufuria haina kipimo, na sumu nyingine za mmea anazinywa zote. Tusitoke kwenye mada.

#21 Kombo wa Likoni
Mimi nina jawabu jingine kabisa: muache mishipa ya mkono. Mamangu alitibiwa India, wakamwekea poti, kijisanduku cha kupitishia dawa, chini ya ngozi ya kifua, mrija wake unaingia kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Kule damu ni nyingi, dawa inachanganyika mara moja. Tangu hapo hajaunguzwa mkono. Kwa nini hatuambiwi mapema?

#22 Binti Pongwe
Ndugu Kombo hili hatujaambiwa kabisa. Na kwa mtu aliyetolewa titi inawezekana?

#23 Kombo wa Likoni
Huwekwa upande wa pili, dada, muulize daktari wa upasuaji. Lakini nikwambie na tabu yake. Tuliporudi nyumbani tulikwenda mahali wakataka kumchoma poti kwa sindano ya kawaida. Poti ina sindano yake maalumu, ncha imepinda kidogo ili isikate kile kizibo cha mpira. Nikakataa. Tukawa twaagiza sindano kwa watu wanaotoka Chennai.

#24 Daktari Mdogo
Nimesoma kimya tangu asubuhi. Kombo, poti ni nzuri, na kwa mgonjwa mwenye mkono mmoja na dawa ya kila wiki mbele yake ningeizungumza mapema kabla mishipa haijaisha. Lakini haiondoi hatari, inaihamisha. Mkononi ukipata uchafu kwa kawaida unaona usaha. Kwenye mrija wa kifuani wadudu wanaingia moja kwa moja kwenye damu. Damu inaweza pia kuganda kwenye mrija. Na upo mrija mwingine, PICC, unaoingilia juu ya kiwiko na kuishia karibu na moyo. Huo unasafishwa kila wiki, na plasta yake inayoonyesha ngozi inabadilishwa kila siku 7.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa ni homa. Mgonjwa wa kemo seli nyeupe zinashuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14. Akipata joto la 38 na likakaa saa nzima, au 38.3 mara moja, ni dharura hata kama mkono hauna usaha, kwa sababu bila seli nyeupe usaha hautengenezwi. Huku kwetu homa ikipanda watu wanasema malaria, wananunua dawa mseto, wanameza panadoli, joto linashuka kwa saa chache, wanalala. Asubuhi wanamleta amelegea, presha haipimiki. Malaria apimwe, lakini apimwe hospitali, na damu ya kuotesha maabara kutafuta wadudu itolewe kabla ya antibayotiki ikiwezekana. Nunueni themometa, iwe karibu na kitanda.

#25 Kijana wa Ilemela
Daktari, na hili la mkono wa titi lililotolewa? Nasikia siku hizi wanasema kuchoma upande ule siyo hatari kama tulivyoambiwa. Kama ni kweli mama huyu angekuwa na mikono miwili.

#26 Daktari Mdogo
Ni kweli kuna tafiti ambazo hazikuona uhusiano wa moja kwa moja kati ya sindano au kipimo cha presha na mkono kuvimba. Zimewafanya wengine walegeze. Lakini sindano ya kutoa damu mara moja siyo sawa na kupitisha doksorubisini. Mimi binafsi dawa ya kuunguza siipitishi upande ule matezi yakiwa yametolewa.

#27 Sista wa Zamu
Mimi hata damu sitoi. Mkono wa namna hiyo ukishavimba haurudi, nimewaona. Daktari tutabishana hapo.

#28 Mzee wa Duga
Na miguuni? Mke wangu walimchoma mguuni mara moja walipokosa.

#29 Daktari Mdogo
Mzee, kwa mtu mzima tunaepuka, damu inaganda kirahisi miguuni, na saratani yenyewe tayari inaongeza kuganda. Ikilazimu ya dharura, itolewe mapema.

#30 Binti Pongwe
Nimempigia mama nimemsomea posti ya sista yote. Amekubali kusema kukiuma, lakini kasema "wakinikasirikia wewe ndiye utajibu." Nimekubali nitajibu. Kumbe maji amekuwa akiyaogopa kwa sababu choo cha hospitali kiko mbali na kuna foleni, ndiyo maana anafika mishipa imekauka. Hilo hakuna aliyemuuliza. Safari hii tutakwenda na chupa ya maji ya moto nikaiviringishe kwenye kitenge aukande mkono akiwa foleni, nitamshika tukienda chooni. Na poti nitaiuliza.

#31 Mama Wawili Kange
Mkono auning'inize chini pia, afumbe na kufumbua kiganja. Na asivae bangili wala saa upande huo. Mungu amsaidie mama yetu.

#32 Mdau Mpya wa Kihonda
Wakuu nimejiunga kwa ajili ya uzi huu. Baba yangu alimaliza kemo, poti bado iko kifuani na haitumiki. Kule alikowekewa walisema isafishwe kila wiki 4 kwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Hapa nilipo nimeambiwa miezi 3 inatosha. Nifuate lipi?

#33 Sista wa Zamu
Wiki 4. Nimeona zilizoziba.

#34 Daktari Mdogo
Zipo hospitali zinazokwenda hadi miezi 3 kwa poti isiyotumika na hazijaona tofauti kubwa. Fuata ya waliomwekea mpaka daktari wake abadilishe kwa maandishi, na bomba la sindano la kusafishia liwe la mililita 10 au zaidi, dogo linasukuma kwa nguvu kuliko mrija unavyohimili. Pia muulize kama bado kuna sababu ya kubaki nayo.

#35 Kombo wa Likoni
Sisi twaenda kila wiki 6, wala si 4 wala si miezi 3, na mpaka leo damu inarudi safi. Ndugu wa Kihonda, sindano yake unaipata wapi huko Morogoro?